Kuchagua Matoleo ya Programu: Kanuni Nyepesi kwa Swali Gumu

Ni nadra siku hizi programu ya kompyuta kuandikwa yote na mtu mmoja. Mwandishi wake hutegemea vifurushi vilivyotengenezwa na wengine: kimoja cha kukokotoa tarehe, kingine cha kuchora grafu, kingine cha kupeleka ujumbe. Vifurushi hivyo navyo hutegemea vingine. Kila kifurushi hutolewa upya mara kwa mara, na kila toleo hupewa namba, mathalani 1.2 au 1.3. Kazi ya kuvikusanya vyote na kuviweka mahali pake hufanywa na programu maalumu ya kusakinisha. Kunakili mafaili si tatizo. Ugumu umo katika swali moja: litwaliwe toleo lipi?

Swali hili si geni katika maktaba ya shule. Mwalimu wa fizikia ataka kitabu cha majedwali, toleo la 3 au la baadaye. Mwalimu wa kemia ataka kitabu kicho hicho, toleo la 4 au la baadaye. Dukani limekwisha kufika toleo la 6. Rafu ina nafasi ya toleo moja tu. Hadi hapo hapana shida. Lakini mwalimu wa hisabati akiyakataa la 4 na la 5, na wa jiografia akalikataa la 6, mkutubi atabaki ameshika kichwa. Itambidi awaombe baadhi yao wabadili vitabu vyao vya kufundishia, na vitabu hivyo vipya navyo vina masharti yake.

Vikiwapo vifurushi 10, kila kimoja na matoleo 10, michanganyo yote ni 10 kwa kipeo cha 10, yaani 10,000,000,000. Kompyuta inayokagua michanganyo 1,000,000 kwa sekunde itaimaliza kwa sekunde 10,000, karibu saa 3. Vifurushi vikiwa 20, muda huo wapita miaka 3,000,000. Bila shaka hakuna afanyaye kazi kijinga hivyo. Ziko njia za kuyakata mapema matawi yasiyofaa. Hata hivyo, imethibitishwa kwamba swali hili, masharti yakiruhusiwa kuwa ya namna yoyote, ni la jamii ya maswali yaitwayo NP-kamili, ambayo hakuna ajuaye njia ya kuyajibu upesi katika kila hali.

Programu ya pip, inayosakinisha vifurushi vya lugha ya Python, kwa miaka mingi iliukwepa ugumu huo: ilishika sharti la kwanza ililokutana nalo, na yaliyolipinga baadaye haikuyatii. Hivyo vifurushi visivyopatana viliweza kuwekwa pamoja. Toleo lake la 20.3, la Novemba 2020, lilileta utaratibu wa kutafuta, na kurudi nyuma kila penye mgongano. Usahihi uliongezeka, wakati mwingine, na muda wa kungoja pia.

Mwaka 2018 Russ Cox, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ya lugha ya Go katika kampuni ya Google, alishika njia nyingine. Hakutafuta namna ya kulijibu swali gumu kwa kasi. Alilibadili swali lenyewe. Katika Go kifurushi hutaja toleo la chini kabisa kinalolihitaji, basi. Hakiwezi kuwakataza wengine toleo la baadaye. Kanuni ikawa fupi: kwa kila kifurushi, yakusanywe matoleo yote yaliyotajwa, kisha litwaliwe lililo kubwa kuliko mengine.

Mwanafunzi na achukue karatasi. Programu A yahitaji B 1.2 na C 1.2. B 1.2 yahitaji D 1.3, C 1.2 yahitaji D 1.4. D imekwisha kufika 1.6. Jibu ni D 1.4. Hakuna kubahatisha wala kurudi nyuma; kazi yote ni kufuata mishale ya mchoro mpaka iishe.

Toleo 1.6 laachwa kwa sababu hakuna aliyelitaja. Faida yake ni kwamba D 1.7 ikitolewa kesho, jibu halibadiliki. Hasara yake ni kwamba marekebisho ya kasoro hayaji yenyewe. Sharti mtu aipandishe namba kwa mkono wake. Tena kanuni yote yasimama juu ya ahadi kwamba toleo jipya halitavunja yaliyofanya kazi katika la zamani. Anayetaka kuvunja hubadili jina la kifurushi, kwa kuongeza /v2 mwishoni mwake, na viwili hivyo huweza kukaa pamoja. Ahadi hii ni nzito kuliko inavyosikika, kwani watengenezaji ni binadamu, na toleo lililodhaniwa salama huweza kuwa na kasoro. Hapo mwenye programu kuu peke yake ndiye aruhusiwaye kulitenga.

Zoezi: C 1.3 yahitaji D 1.5. A ikipandisha C hadi 1.3, D itakuwa toleo lipi? Eleza pia kwa nini mpangilio wa kusoma masharti haubadili jibu.