Simu ya mkononi isaidie kinywa cha mzee

Bibi akianza kuacha nyama na kuomba uji kila siku, wengi wetu husema ni uzee. Mara nyingi si uzee. Ni jino lililooza, fizi zilizovimba au meno bandia yanayombana. Wazee wetu huficha maumivu wasije wakawasumbua watoto, na ni wangapi kati yetu waliowahi kumwomba mama afungue kinywa wamtazame?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU) walitoa mwongozo wa kutumia simu za mkononi katika afya ya kinywa. Nyumbani unaweza kuanza na kengele ya simu. Itege baada ya Alfajiri na baada ya Isha, mzee apige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti ni Sunna na husafisha, ila floraidi ndiyo kinga ya kuoza, basi kimoja kisiondoe kingine. Meno bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji baridi.

Kubwa zaidi ni picha. Mara moja kwa mwezi mketishe mzee penye mwanga, avue meno bandia, nawa mikono, kisha mmulike kwa tochi ya simu. Sogeza shavu kwa mpini wa kijiko safi. Tazama fizi, pembeni na chini ya ulimi, na ndani ya mashavu, hasa kwa mla tambuu au ugoro. Ukiona kidonda au doa jeupe au jekundu, lipige picha, urudie baada ya wiki moja na ya pili. Mzee atakuambia kinapona. Picha zitakuonyesha kama kweli. Kisichopona kwa wiki mbili, hata kisipouma, mpeleke hospitali na picha zako, kwani saratani ya kinywa mwanzoni aghalabu haiumi.

Omba ruhusa yake kwanza, na piga kinywa tu, si uso. Nimewahi kuona fizi za mzee zikizungushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo pamoja na salamu za Ijumaa; huko ni kumvunjia sitara. Picha ni ya daktari.

Ama shavu likivimba pamoja na homa, au akishindwa kumeza, usipoteze muda na simu. Apelekwe saa hiyo hiyo.