Mizani ya Umeme
Someni: Kumbukumbu la Torati 25:13–15

Mungu alikataza mtu asichukue mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Mita ya umeme nayo ni mizani. Kwa bei za mwaka 2016, maskini aliyetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa kila uniti. Zilizozidi, shilingi 350. Lakini wapangaji wa Daraja Mbili wakishiriki mita moja, uniti zao hujumlishwa pamoja, na nafuu ya maskini huwapita.

Mwenye nyumba, usitoze kupita ulicholipa. Mpangaji, zima taa isiyo na kazi. Maharage yalowekwe usiku, yapate kuiva upesi.

Swali: Je, nyumbani mwako jiwe ni moja?