Vyombo vya Kuisemesha na Kuisikiliza Kompyuta

Swali: Vifaa vya kuingizia na vya kutolea vinatofautianaje?

Kila kifaa kinachopokea habari kutoka kwa binadamu na kuifikisha ndani ya kompyuta, kama kibodi, kipanya, skana na maikrofoni, ni cha kuingizia. Na kinachoturudishia matokeo, kama printa na spika, ni cha kutolea. Ama skrini ya simu ya kupapasa, hiyo imejumuisha kazi zote mbili, kwani pale pale inapoonyesha ndipo inapopokea amri ya kidole.

Swali: Mbona herufi za kibodi hazikufuata mpango wa alifubeti?

Mpango ule ni urithi wa taipureta, iliyobuniwa Marekani na Christopher Latham Sholes pamoja na wenzake, wakapewa hataza mwaka 1868, na ambayo, baada ya herufi zake kupangwa na kupanguliwa mara kadha wa kadha, kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Sholes alikuwa akiwaza Kiingereza, wala hapana ajabu. Lakini sisi tuandikao Kiswahili tunalipa gharama yake, maana herufi a, ambayo lugha yetu huikariri kuliko zote, imewekewa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu mno, hata neno kama "wanapatana", lenye herufi 10, hukitaabisha mara 5. Kwa upande wa pili tuna bahati kubwa, kwa kuwa Kiswahili hakihitaji alama juu ya herufi, na ukiitoa ritifaa ya "ng'ombe", ambayo ipo tayari, kibodi yo yote itakutosha. Basi nawasihi wanaojifunza wastahimili siku za mwanzo za kuandika polepole kwa vidole vyote, wasikimbilie kudonoa kwa viwili.

Swali: Na kipanya?

Hicho ni cha Douglas Engelbart, naye pia wa Marekani. Cha kwanza, cha mwaka 1964, kilikuwa kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili tumboni.

Swali: Je, asiyeona aweza kutumia kompyuta?

Aweza, tena barabara. Programu ya kusoma skrini, na NVDA ni mojawapo inayopatikana bila ya malipo, humtamkia kwa spika yaliyoandikwa, ilhali vinundu vidogo vilivyo juu ya vitufe vya F na J huvielekeza vidole vyake vya shahada mahali pao, asihitaji kipanya asilani. Hunichoma moyo kumwona mtu akinyimwa ukarani kwa sababu ya macho, na dawa yake i karibu hivyo.

Swali: Hati muhimu niichapishe kwa printa gani?

Printa ya wino hurusha matone madogo mno, na picha za rangi huzitoa vizuri, lakini aghalabu maandishi yake hutapakaa yakipata maji, na ikikaa muda mrefu bila ya kazi wino hukauka katika matundu yake. Printa ya leza, aliyoibuni Gary Starkweather katika kampuni ya Xerox, hutumia unga mkavu: mwanga huchora maandishi juu ya silinda yenye umeme, unga ukanata palipochorwa, ukahamia kwenye karatasi, kisha joto likauyeyusha ukashikamana nayo, ndiyo sababu karatasi hutoka ingali na fukuto. Kwa mkataba, wasia au barua ya kuombea kazi, mwambie mwenye duka akuchapie kwa leza.