Mtandao Unaokata na Kurudi: Mafunzo Saba Niliyopata kwa Fayawoli Moja

"Fundi, mtandao umekata tena."

Kwa wiki tatu nilipigiwa simu yenye maneno hayo mara tatu au nne kwa siku. Mpigaji alikuwa dada wa dirishani katika SACCOS moja ya Morogoro ambayo mitambo yake naihudumia. Mbele yake walisimama wanachama waliofunga duka au kuacha shamba ili waje kuchukua akiba yao, na hesabu zao ziko kwenye seva ya mbali. Mtandao ukikata, hakuna anayelipwa. Baada ya dakika chache unarudi wenyewe, na mara nyingi nikifika ofisini nakuta kila kitu kizima.

Fayawoli ya ofisi ile, yaani mlinzi anayekagua kila kinachoingia na kutoka, haina kisanduku chake. Ni mashine pepe: programu ya pfSense inayoendeshwa ndani ya seva yenye Proxmox. Imepewa kadi mbili za mtandao za kuigiza, moja inatazama intaneti, nyingine inatazama kompyuta za ofisi kwa anwani 192.168.10.1. Kila kompyuta inayotaka kutoka nje hupita hapo. Haya ndiyo niliyojifunza nikiitafuta hitilafu yake.

1. Kuzima na kuwasha hufuta ushahidi

Siku za mwanzo dawa yangu ilikuwa kuiwasha fayawoli upya. Mtandao ulirudi kila mara, nami nikajihesabu nimetibu. Sababu ya kurudi niliielewa baadaye. pfSense imejengwa juu ya FreeBSD, na kadi inapopewa anwani, mfumo huo huutangazia mtandao wote kwamba anwani hiyo ni yake na iko wapi. Tangazo lile lilitosha kunyoosha mambo kwa saa chache. Wakati huohuo nilikuwa nafuta jedwali la miunganisho na jedwali la ARP (nani ana anwani ipi), vitu ambavyo vingenionyesha ugonjwa ungali mbichi.

Wiki ya pili nilijiwekea sharti: siiwashi upya kabla ya kuandika. Saa ngapi, kompyuta zipi zimekwama, zipi zinaendelea, nini kinajibu, nini hakijibu. Daftari halikuchukua siku nyingi kunionyesha jambo nisilolitarajia. Mtandao ulikatika kwa muda mrefu zaidi ofisi ikiwa tulivu, asubuhi kabla ya foleni na saa ya chakula cha mchana. Foleni ikijaa, ulikata kwa sekunde chache tu. Mzigo mkubwa usingeweza kuwa sababu ya tatizo linalopungua mzigo unapozidi.

2. Pima kila kipande cha njia peke yake

Njia ya kompyuta kwenda nje ina vipande: kompyuta hadi fayawoli, fayawoli hadi kwa mtoa huduma, na kuanzia hapo kwenda duniani. Nilianza cha kwanza. Mtandao ukiwa umekata, nilipiga pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", kwenda 192.168.10.1 kutoka kompyuta ya dirishani. Ikajibu. Nikahukumu kwamba fayawoli ni nzima na mwenye kosa ni mtoa huduma, nikampigia simu kulalamika.

Siku iliyofuata nilipima kipande cha pili, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kulalamika. Konsoli ya Proxmox hukuingiza moja kwa moja kwenye skrini ya mashine pepe bila kupita kwenye mtandao wa mashine hiyo. Kutoka mle nilipiga pingi kwenda 1.1.1.1, na hakuna pakiti iliyopotea. Nikafungua chati za pfSense, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida hulipima lango la mtoa huduma kila nusu sekunde. Saa zote nilizoziandika daftarini, hasara ilikuwa asilimia 0. Nikampigia tena mtoa huduma, safari hii kumwomba radhi.

Nikabaki na fumbo. Kompyuta inafika kwenye fayawoli. Fayawoli inafika kwenye intaneti. Kompyuta haifiki kwenye intaneti. Ukikuta vipande vyote vizima na njia haipitiki, kimoja kati ya vipimo vyako kinakudanganya, na kazi yako ni kujua ni kipi.

3. Mfute mshukiwa kwa ushahidi

Fayawoli pepe ina washukiwa wengi kuliko ya kisanduku, maana inakopa kila kitu kwa seva inayoibeba. Seva ikizidiwa kazi, mashine pepe hukosa zamu ya prosesa na kunyamaza. Bakapu ikichukuliwa, mashine inaweza kuganda kidogo. Kadi halisi ya mtandao inaweza kukwama na kuanza upya yenyewe.

Niliwaandika wote kwenye karatasi, na sikumfuta yeyote mpaka niwe na sababu ya kuandika pembeni yake. Prosesa: chati ya seva iko chini saa zote za kukata. Bakapu: inafanyika saa nane usiku, na mtandao unakata mchana. Kadi halisi: kumbukumbu za seva hazina hata mstari mmoja wa kukwama. Karatasi ile ilinizuia nisirudi kumshuku leo niliyemfuta jana kwa sababu tu nimechoka.

4. Kasoro uliyoipata huenda siyo uliyokuwa unaitafuta

Katikati ya msako niligundua kwamba sikuzima kipengele kinachoiachia kadi kazi ya kukagua jumla-hakiki (checksum) ya kila pakiti. Nyaraka za pfSense zinashauri kizimwe pale kadi za kuigiza ni za aina ya virtio, kama zangu. Nilikizima Ijumaa jioni. Jumamosi kimya, Jumapili kimya, nikamwambia meneja kazi imekwisha. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia.

Kasoro ile ilikuwa ya kweli, na kuiondoa kulikuwa sahihi. Lakini ofisi ilikuwa imefungwa siku mbili, hakukuwa na mtu wa kuuona mtandao ukikata. Tangu hapo natangaza kipimo cha kupona kabla ya kutoa dawa. Kwa tatizo linalotokea kila siku ya kazi niliomba siku 14 za kazi bila kukata hata mara moja, na chini ya hapo silitamki neno "limekwisha".

5. Jibu la pingi halikuambii nani amejibu

Nilirudi kwenye fumbo la kipande cha kwanza. Mtandao ulipokata, niliacha kompyuta ya dirishani ikipiga pingi mfululizo kwenda 192.168.10.1, nikaingia kwenye konsoli ya fayawoli na kuwasha tcpdump upande wa ofisi ili niione kila pakiti inayofika.

Kompyuta ilikuwa inajibiwa. Fayawoli haikuwa inapokea pingi hata moja.

Niliitazama skrini ile kwa muda mrefu. Kuna mwingine aliyekuwa anaitika kwa jina la fayawoli yangu. Siku zote hizo niliyachukua majibu yake kama uthibitisho kwamba mlinzi wangu yuko kazini. Ndiyo maana siku hizi napima kutoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja: anayetuma aone alichotuma, anayepokea aone alichopokea.

6. Iulize swichi

Kama mashine nyingine ingekuwa na anwani yangu ya IP na anwani tofauti ya MAC, ile ya kadi yenyewe ya mtandao, FreeBSD ingeandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kuna anayetumia anwani yake. Nilizisoma, hazikuwa na neno. Pakiti ya ARP inayobeba anwani ya MAC ya fayawoli yenyewe huchukuliwa kuwa imetoka kwake, hutupwa bila kelele. Pacha kamili hashitakiwi na pacha mwenzake.

Swichi haina udhuru huo. Kazi yake ni kukumbuka kila anwani ya MAC imesikika mara ya mwisho kwenye poti gani, na kupeleka pakiti huko. Nilifungua jedwali lake. Anwani ya MAC ya fayawoli, ambayo makazi yake ni poti 1, ilikuwa poti 7. Nikaburudisha ukurasa: poti 1. Tena: poti 7.

Hapo daftari likajieleza. Kompyuta ikiuliza nani mwenye 192.168.10.1, wote wawili hujibu, na aliyejibu mwisho ndiye ambaye swichi inamwelekezea njia. Ofisi ikiwa na kazi nyingi, fayawoli halisi inasema muda wote, hivyo inairudisha njia kwake upesi. Ofisi ikitulia, pacha hubaki na njia kwa dakika kadhaa. Na pingi zangu za mfululizo zilimfanya ajibu kila sekunde, zikazidi kumpa njia. Kipimo changu kilikuwa kinaurefusha ugonjwa.

7. Bakapu iliyorejeshwa ni mashine hai

Niliifuata kebo ya poti 7 kwa mkono hadi kwenye seva ya pili, ile ya akiba. Ndani yake nilikuta fayawoli yangu inaendeshwa. Niliirejesha mwenyewe miezi miwili nyuma, kuhakikisha kwamba bakapu inafaa. Jaribio lilipofaulu, niliizima nikaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mambo mawili niliyaacha. Proxmox, unaporejesha bakapu, hukupa nafasi ya kuchagua mashine ipewe anwani mpya za MAC; sikuichagua. Na bakapu hurudi na mipangilio yake yote, pamoja na ule wa kujiwasha seva inapowaka. Umeme ulipokatika na kurudi, seva zote mbili ziliwaka, na pacha akaamka. Upande wake wa intaneti haukuwa na kebo, kwa hiyo aliitika bila kuwa na pa kuwapitisha watu. Meneja aliponiuliza mwanzoni nini kimebadilika, nilijibu hakuna, kwa kuwa nilifikiria vitu vilivyoguswa na mtu. Nilipaswa kuuliza pia nini kimeamka.

Kujaribu bakapu ni wajibu, na sitaacha. Lakini sasa nairejesha kwa anwani mpya za MAC, naiunganisha na swichi pepe isiyo na kebo ya nje, nazima kujiwasha kabla sijaiwasha mara ya kwanza, na jaribio likiisha naifuta siku hiyohiyo.

Nilimzima pacha, nikamweleza meneja yote, pamoja na kwamba pacha niliyemtafuta nilimweka mimi. Kisha nikahesabu siku 14 za kazi. Daftari lile ninalo bado: kurasa nne zimejaa saa na dakika, ya tano ina tarehe 14 zilizopangwa kwenda chini, na mbele ya kila tarehe hakuna kilichoandikwa. Kijana akija kujifunza kazi kwangu, namfungulia ukurasa huo wa tano kwanza, halafu namrudisha nyuma tusome pamoja nilivyofika pale.