Chambo cha Tasi, Pono na Perege: Anza na Kinachoota Karibu Yako

Ngisi akipanda bei, mvuvi wa dema hupunguza madema. Vipande vya ngisi na pweza vinagombaniwa na hoteli, na dagaa wa kutilia chambo ndiye huyo huyo anayesubiriwa nyumbani kwa kitoweo. Lakini kama unayemtega ni tasi, ambaye Mombasa, Kilifi na Lamu wanamwita tafi, ngisi hukumhitaji tangu mwanzo. Tasi ni mla majani. Kadhalika pono wa kwenye nyasi za bahari, kangaja wa miambani, na huko bara perege na sato wa mabwawani na maziwani. Chakula chao cha kila siku kinaota pale pale wanapoishi, na sehemu kubwa ya chakula hicho binadamu hanunui wala hauzi.

Si kwamba samaki hawa hawagusi nyama kabisa. Tasi mwenye njaa atadonoa kipande cha kamba, na perege anameza mnyoo bila shida. Tatizo la chambo cha nyama ni wale wengine kinaowaita. Ukikitia kwenye dema utapata changu, chewa, na pengine mkunga. Mkunga akishaingia huwageukia waliomo, na asubuhi unavua dema lenye samaki mmoja aliyeshiba. Kwenye bwawa, mnyoo uliomkusudia perege humezwa na kambare aliyetangulia. Chambo cha majani huwachagua walengwa wako kabla hujafika.

Sasa, majani gani? Hapo ndipo wengi wanapobahatisha, na jibu wamelibeba wenyewe kwenye tenga. Mpasue samaki. Utumbo wa tasi ni mwembamba, mrefu kuliko mwili wake, na umejikunja tumboni duara juu ya duara, kwa kuwa majani huchukua muda kusagika. Ukate kwa wembe sehemu ya mbele, karibu na mfuko wa tumbo. Huko nyuma kila kitu kimeshakuwa rojo na hutatambua kitu. Kamulia vilivyomo kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, kisha vitawanye kwa kidole taratibu. Utaona nyuzi za kijani laini kama zimesokotwa, au vipande bapa vya nyasi vilivyokatwa kingo wima, au chembe nyekundu za mwani laini. Wakati mwingine vyote vitatu vimo, lakini kimoja huwa kimezidi. Hicho ndicho chambo chako kwa mwezi huo na kwa eneo hilo.

Angalizo moja: usimtumie samaki aliyelala ndani ya dema. Huyo ama hana kitu tumboni ama amejaa chambo ulichomtilia wewe, na atakudanganya. Tafuta aliyevuliwa kwa mshipi au wavu mchana, akiwa ametoka malishoni. Pasua kadhaa, maana samaki mmoja hasemei kundi.

Kuhusu mchana nasisitiza, kwa sababu watu wengi hutega jioni kwa mazoea ya kuvua samaki wala nyama. Wala majani hula jua likiwapo. Mwanasayansi D. J. W. Moriarty aliwachunguza sato wa Ziwa George, Uganda, na mwaka 1973 alichapisha alichokiona: tumbo la sato hutoa asidi kali sana, ya pH chini ya 2, na asidi hiyo ndiyo inayopasua chembechembe za mwani wa ziwani. Asidi huanza kutoka samaki anapoanza kula asubuhi. Kinachomezwa mwanzo hupita karibu kibichi kama kilivyoingia, na usagaji mzuri huja baadaye asidi ikishapanda. Kwa mvuvi maana yake ni nyepesi: mwekee chambo mbele yake alfajiri, naye atakuwa na saa nyingi za kukirudia.

Baharini

Kwa Unguja, Pemba na vijiji vyote vya pwani vinavyolima mwani, chambo bora cha tasi kipo shambani tayari. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wakulima, wengi wao wanawake, wamekuwa wakimlalamikia tasi. Anakula ncha changa za mwani uliofungwa kwenye kamba, na shamba linabaki vijiti. Malalamiko hayo ni habari njema kwa mwenye dema. Vipande vinavyokatika na kusukumwa ufukweni na mawimbi, ambavyo havifai tena kukaushwa kwa mnunuzi, vinafaa mtegoni. Muhimu zaidi, ule uchafu wa nyuzi nyuzi unaojisokota kwenye mwani na ambao mkulima hulazimika kuubandua kila akienda shamba, ni chakula laini ambacho tasi hukifuata mara nyingi kuliko mwani wenyewe. Nenda ukazungumze na akina mama wa shamba la jirani. Wao wanautupa, wewe unautaka, na dema likiwekwa pembezoni mwa shamba kwa makubaliano yao linampunguza mlaji wanayemlalamikia. Heshima ya kugawana samaki wa kwanza na mwenye shamba si ya kusahau.

Pasipolimwa mwani, tazama kwenye miamba maji yanapokupwa, hasa pale panapochuruzika maji baridi kutoka nchi kavu. Kunaota mwani wa kijani mwepesi wenye majani mapana yanayong'aa, na mwingine wa nyuzi kama manyoya. Yote miwili inafaa. Ukate kwa kisu ukiacha shina limeshika jiwe, nao utachipua upya. Usiukwangue mpaka jiwe likabaki jeupe. Nchi nyingine hili limekuwa uvuvi kamili: huko New South Wales, Australia, kuna samaki wa miambani aitwaye luderick, na wavuvi wake humtega kwa mwani wa kijani uliozungushwa kwenye ndoana ndogo chini ya boya. Mbinu hiyo hiyo inamfaa tasi kwa mshipi. Tumia ndoana ndogo yenye shingo fupi, kwa kuwa mdomo wa tasi ni mdogo na hudonoa badala ya kumeza. Zungusha mwani mara tatu nne kwenye ndoana, uache ncha ndefu ikining'inia ipepee na maji.

Lipo jambo ambalo naomba lisifanywe hata siku chambo kimekosekana: kung'oa nyasi za bahari. Utumbo wa pono utakuonyesha kwamba anazila, na kishawishi kitakuja. Lakini nyasi zile zina mizizi, zimeshika mchanga, na watoto wa tasi, changu na kamba wanajificha humo. Mwani ukikatwa hurudi baada ya wiki chache. Kitalu cha nyasi kilichong'olewa huchukua miaka. Majani yaliyokatika yenyewe na kurundikana ufukweni baada ya upepo wa kusi yanatosha, mradi uchague ya kijani na uache yaliyokauka. Vivyo hivyo kwa desturi ya kuponda konokono wa mikokoni na kuwajaza kwenye dema. Konokono hao ni kitoweo cha baadhi ya kaya na wana kazi yao ya kusafisha majani chini ya mikoko, nao wakiisha mahali hawarudi upesi.

Chambo ninachokipigania zaidi kinatoka jikoni. Machicha ya nazi, yale yanayobaki baada ya kukamua tui, mara nyingi huishia kwa kuku au jalalani. Bado yana mafuta na harufu inayosambaa majini. Yakiwa peke yake hutawanyika na kuisha upesi, kwa hiyo yanahitaji kushikizwa. Chukua vikombe viwili vya machicha ya siku hiyo hiyo, kikombe kimoja cha unga wa ngano, na konzi moja ya mwani laini uliokatwakatwa. Kanda bila kuongeza maji kwanza, kwa sababu machicha yana unyevu wake. Ongeza matone tu kama unga haushiki. Finyanga madonge ya ukubwa wa limau, yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika tatu, kisha yatoe yapoe. Yatakuwa yamejifunga ngozi kwa nje na yatakaa majini kwa saa nyingi bila kumeguka. Funga mawili au matatu kwenye kipande cha neti ya vitunguu na uyaning'inize katikati ya dema, mbali na ukuta, ili samaki alazimike kuingia badala ya kudonoa kwa nje.

Mwani wa ziada usiutupe. Anika kivulini mpaka ukauke, weka kwenye kiroba pakavu, na siku ya kutega uloweke kwenye maji ya bahari. Kwa kufunga, tumia ukindu au katani. Nailoni inabaki baharini baada ya chambo kuisha.

Mabwawani na ziwani

Huku mambo ni mepesi zaidi, maana perege na sato wamezoea vyakula vya shambani. Ugali mgumu wa dona unashika kwenye ndoana kuliko wa sembe. Kiazi kitamu kilichochemshwa nusu, kikakatwa vipande vidogo, hakitoki upesi na samaki wadogo hawakimalizi. Kwa aina za perege wanaokula majani hasa, jaribu jani changa la matembele lililokunjwa mara mbili, au ute wa kijani wa nyuzi unaoota kwenye magogo na kuta za bwawa. Mkate unafaa pale samaki wanapoonekana juu ya maji, kwani unaelea.

Kinachosaidia kuliko aina ya chambo ni kuwazoeza mahali. Changanya pumba za mahindi na udongo wa mfinyanzi, finyanga madonge, na urushe mawili matatu pale pale kila asubuhi kwa siku chache kabla ya kuvua. Udongo unayazamisha, pumba zinatoka kidogo kidogo. Usizidishe. Chakula kisicholiwa huoza chini, kinamaliza hewa ya maji, na bwawa dogo linaweza kupoteza samaki wote usiku mmoja. Kama bwawa ni la mtu au la kikundi, omba ruhusa kabla ya kurusha hata konzi moja.

Kuna wanaochanganya utupa au dawa za wadudu kwenye ugali na kuita chambo. Hiyo ni sumu, sheria za uvuvi za Tanzania na Kenya zimeikataza, na anayemla samaki huyo ni mtoto wako au wa jirani.

Kupima kama kinafaa

Usihukumu chambo kipya kwa siku moja. Bahari ya bamvua si bahari ya maji mafu, na siku ya maji machafu hakuna chambo kinachosifika. Chukua madema mawili yanayolingana, moja litie chambo chako cha siku zote, jingine kipya, uyaweke kina kimoja na umbali ambao samaki wa huku hasikii harufu ya kule. Safari inayofuata badilisha: la kwanza lipate kipya. Bila kubadilishana hutajua kama sifa ni ya chambo au ya mahali. Andika kwenye daftari aina ya samaki na uzito, wala si idadi peke yake, kwani tasi ishirini wa urefu wa kidole hawamzidi mmoja mzima. Endelea hivyo mpaka upitie bamvua na maji mafu walau mara moja moja.

Chambo kikikubali, wadogo nao watakuja, na hapo dema lenyewe linahitaji kurekebishwa. Kwenye pwani ya Kenya watafiti na wavuvi wamejaribu madema yaliyoachwa upenyo mwembamba wima kwenye kona, wenye upana wa sentimita 3 au 4. Samaki wachanga na wale wembamba wasio na soko hupenya wakatoka, wakubwa wanabaki. Ni fito mbili za kuongeza wakati wa kusuka. Mlango wa kutolea samaki ufunge kwa katani, ili dema likipotea kamba ioze na mlango ufunguke.

Ukishamtoa tasi, mshike kwa kitambaa kizito au mbonyeze kichwa kwa ubao kwanza. Ana miiba 13 mgongoni na 7 chini karibu na mkia, mbali na ile ya mapezi ya tumboni, na yote ina sumu inayouma vibaya hata samaki akiwa ameshakufa. Ukichomwa, toa kipande cha mwiba kilichobaki, kisha zamisha kidole kwenye maji ya moto unaoweza kuuvumilia, yapata nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto huvunja nguvu ya sumu hiyo. Maji yajaribiwe kwanza kwa mkono ambao haukuchomwa, kwani ule wenye maumivu hautambui unapoungua. Uvimbe ukipanda mkono au pumzi ikibana, nenda kituo cha afya.

Na mtumbue mapema, ukiweza humo humo chomboni. Majani yaliyomo tumboni huchacha upesi kwenye jua, na uchungu wake huingia kwenye minofu kabla hujafika mnadani.