Chama Kikutanacho Kila Juma

Wasomaji wetu, leo na tujifunze habari za chama kiitwacho Rotary. Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago, Marekani, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu. Wakawa wakikutana kwa zamu afisini mwao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndiyo asili ya jina hilo, maana yake kuzunguka.

Hapo kwanza walisaidiana katika biashara zao tu. Kisha wakatambua ya kuwa mji nao una haki juu yao, na mwaka 1907 wakashughulikia kujengwa kwa vyoo vya watu wote. Nairobi ilipata chama chake mwaka 1930.

Hata leo vyama vingi hukutana kila juma. Wanachama hula pamoja, humsikiliza mgeni akieleza jambo, kisha hushauriana juu ya kazi na fedha zake. Tangu 1985 Rotary yapigana na polio duniani. Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeokoka na virusi vya asili vya ugonjwa huo.

Basi, haba na haba hujaza kibaba. Mkutano usiozaa kazi ni maneno matupu. Na kazi isiyo na mkutano hufa pamoja na mwanzilishi wake.