Postikadi za Maveterani kama Matini: Uso, Mgongo na Kilichoachwa Nje

Makala haya yanaichukulia postikadi kuwa matini yenye pande mbili. Mfano uliochaguliwa ni postikadi za Grand Army of the Republic, chama cha askari wa Marekani waliopigania upande wa Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865). Kiliasisiwa na tabibu Benjamin F. Stephenson mjini Decatur, Illinois, mwaka 1866. Kufikia 1890 kilikuwa na wanachama zaidi ya 400,000. Kilikoma mwaka 1956 alipofariki Albert Woolson, mwanachama wake wa mwisho.

Ikumbukwe kwamba postikadi zilipovuma, mwanzoni mwa karne ya ishirini, askari hao walikuwa wamekwisha kuzeeka. Ndiyo sababu uso wa kadi nyingi huonyesha mzee mwenye mvi, nishani ya nyota ya ncha tano kifuani, bendera, na kaburi lililopambwa kwa maua. Maua hayo yana asili yake katika agizo la John A. Logan la mwaka 1868, lililoitenga tarehe 30 Mei kuwa siku ya kupamba makaburi ya askari. Kadi hizi za rangi, ambazo nyingi zilichapishwa Ujerumani, ndizo wakusanyaji wanazozigombea. Zinapendeza, hapana shaka. Lakini zinasema jambo lile lile.

Mgongo ndio wenye habari. Kabla ya tarehe 1 Machi 1907, kanuni za posta za Marekani ziliruhusu anwani pekee upande huo, hivyo mwandishi alilazimika kuzibana salamu zake pembezoni mwa picha. Baada ya hapo mgongo uligawanywa kwa mstari: kushoto ujumbe, kulia anwani. Kadi yenye mgongo usiogawanywa, basi, kwa kawaida ilichapishwa kabla ya tarehe hiyo, hata kama muhuri wa posta ni wa 1910, kwa maana watu walitumia akiba waliyokuwa nayo. Muhuri huonyesha siku ya kutumwa, si siku ya kuchapwa. Wanaoanza kukusanya huchanganya mambo haya mawili mara kwa mara.

Mkusanyaji anayebandika kadi kwa gundi katika albamu huwa ameiziba nusu ya matini kwa mkono wake mwenyewe.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa kadi za picha halisi, yaani zile zilizosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya postikadi, aghalabu na mpigapicha wa mtaani. Hazina rangi wala maelezo ya kuchapwa. Wanajeshi weusi wapatao 180,000 walipigana upande wa Muungano, na chama kiliwapokea. Katika baadhi ya matawi walikaa bega kwa bega na weupe. Hata hivyo, mzee wa kadi za rangi karibu daima ni mweupe. Mweusi hupatikana katika picha ya tawi, amesimama safu ya nyuma, nishani ile ile kifuani. Jina lake, ikiwa liliandikwa popote, limeandikwa kwa penseli mgongoni.